Kunywa moringa na manjano kabla ya kupuliza dawa, inakinga mishipa ya fahamu?

Umeuliza kama ukikunywa moringa na manjano asubuhi kabla ya kupuliza nyanya, mishipa ya fahamu inakingwa. Mimi nalima nyanya huku Bahati, Nakuru, na hii maneno ilifika kwetu nyumbani kabisa.

Ndugu yangu mdogo alikunywa kikombe kizima cha moringa juu mtu alimwambia inasafisha sumu, akajiona yuko sawa, glavu akaacha nyumbani. Dawa ilikuwa ya wadudu, ya kundi la oganofosfeti, na pampu ilikuwa inavuja mgongoni, shati ikalowa na yeye akaendelea tu mpaka amalize laini yake. Kufika saa saba mate inamtoka, jasho, machozi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini na misuli ya mapaja inarukaruka yenyewe. Mama anasema apewe maziwa. Tulimvua nguo, tukamwosha na sabuni na maji mengi, tukabeba chupa ya dawa tukakimbia na gari ya jirani. Daktari kusoma lebo tu, akaanza kumpa atropini, dawa ya kupinga hiyo sumu.

Vile alitueleza ni kwamba mishipa huongea na misuli kupitia kemikali inaitwa asetilikolini, na kuna kimeng'enya (enzyme) cha kuivunja ujumbe ukishafika. Oganofosfeti inakamata hicho kimeng'enya, sasa asetilikolini inajaa, na mtu anaweza kufa kwa kukosa pumzi.

Utafiti wa mimea uko, sikatai. Panya wa maabara waliopewa kurkumini ya manjano ama dondoo ya moringa wameonekana ubongo kuumia kidogo kuliko wenzao. Lakini hao wanapewa dozi imepimwa kwa uzito wa mwili, mara nyingi kabla ya sumu ama pamoja nayo, hiyo si kijiko chako cha unga kwa uji. Hata atropini asili yake ni mmea, beladona, ila ile ya hospitali imepimwa.

Kunywa moringa kama chakula, hakuna shida. Dawa inapitia ngozi, kwa hivyo jaza pampu maji matupu kwanza uone kama inavuja, vaa glavu na gambuti, upepo uwe mgongoni, na tafadhali usikae na shati imelowa hata dakika tano.

Niandikie jina la kiambato kwa lebo, sio la biashara, nikuangalilie kama ni oganofosfeti ama kabameti, kundi lingine la dawa ya wadudu linalokamata kimeng'enya hicho hicho.