Maswali na majibu: Datsun, Celica na MG za zamani kwenye lami ya Mwanza

Wadau habari za wikiendi. Maswali yamejaa na mengi yanafanana, mtu karithi gari ya spoti ya miaka ya 70 au kainunua ilipokuwa imelala chini ya mwembe, alafu swali lake la kwanza ni injini gani aweke. Msimamo wangu mnaujua: gari itulie barabarani, isimame ukikanyaga breki, isichemshe, ndo tuongelee mbio. Twende.

Shikamoo fundi. Mzee wetu katuachia Datsun 240Z ya 1972. Inawaka na inatembea ila ukifika 80 usukani unacheza, na breki unakanyaga mpaka unaogopa. Hela ipo kiasi ila sio ya kumwaga. Nianzie wapi? (Nyegezi)

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Kwanza nakuomba hiyo gari msiiuze. 240Z ndo iliyochukua mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 na Edgar Herrmann, ikachukua tena 1973 na Shekhar Mehta kijana wa Uganda. Injini silinda sita lita 2.4, uzito kilo elfu na kidogo tu, na kila tairi ina suspensheni yake yenyewe mbele na nyuma. Yaani msingi mzuri ulishawekwa kiwandani, kilichokufa hapo ni mipira na vitu vya kuisha.

Kabla hujanunua hata bushi moja tafuta kutu. Toa betri uangalie bati lililopo chini yake, nyanyua mazulia yote, chukua bisibisi ugonge sakafu na zile reli za chini. Gari iliyokaa huku kwetu miaka yote ina nafuu kwasababu ziwa letu halina chumvi, ila kama mzee aliitoa Dar au Tanga angalia mara mbili. Bati likiwa limeoza hela yote inaanzia kwa mtu wa kuchomelea, hakuna njia ya mkato.

Bodi ikiwa nzima nenda kwenye tairi. Kiwandani ilitoka na 175 ya inchi 14 kwenye rimu nyembamba ya inchi 4 na nusu. Rimu ya inchi 15 yenye upana wa 6 na tairi 195/60 itakubadilishia gari kuliko kitu chochote utakachofunga kwenye injini. Ukinunua soma tarehe, zile namba nne za mwisho za DOT pembeni ya tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na kashata nzuri kabisa ila mpira umeshakauka, na mvua ya Mwanza ikishuka kwenye lami yenye vumbi hiyo tairi haishiki kitu.

Alafu bushi zote, boli jointi, tairodi endi na shokapu. Usukani kucheza kwenye 80 mara nyingi ni hivyo vitu pamoja na balansi ya tairi. Hapa nisikilize vizuri: nyuma kuna pini ndefu inayopita kwenye mkono wa chini (ule unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye tairi) na chini ya strati (shokapu na springi vikiwa kipande kimoja), ina nyuzi za nati huku na huku na imefungwa na kipini kidogo cha kabari katikati. Ikikaa miaka 50 inagandana na chuma. Fundi mwenye haraka atachukua nyundo agonge mwisho wa pini, zile nyuzi zinavimba na kuanzia hapo haitoki tena, na ukilazimisha unaweza kuvunja na mkono wenyewe. Mwambie atoe kipini cha kabari kwanza, apige mafuta ya kulainisha kutu siku kadhaa, alafu mkono upelekwe kwenye presi. Ni kazi ya kutulia. Kama anakataa mtafute mwingine.

Breki una bahati ya kuishi Tanzania. Kalipa za mbele za Toyota Hilux 4x4 za mwanzoni mwa miaka ya 80, zenye pistoni nne, zinaingia kwenye strati ya 240Z kwa bolti zake zilezile. Tafuta iliyoandikwa S12+8, hiyo inakaa na diski yako ya kiwandani. S12W ni pana, inataka diski nene yenye matundu ya hewa katikati. Lile bati la kuzuia vumbi utalikunja au kulikata kidogo, na rimu uijaribishie kabla hujailipia. Pedali ikiwa inashuka sana baada ya hapo weka masta silinda ya inchi 15/16 badala ya 7/8 ya kiwandani. Nyuma dramu zinatosha, badilisha shuu na wilo silinda, usiweke breki kubwa nyuma kwasababu nyuma ikikamata kabla ya mbele gari inageuka. Fluidi mwaga yote weka DOT 4 mpya na rudia kila baada ya miaka miwili, ile kitu inanyonya unyevu wa hewani, na ikishanyonya inachemka mapema, pedali inakuwa laini katikati ya mteremko. Alaimenti ndo ya mwisho kabisa, ukiifanya kabla ya bushi umetupa hela.

Nina Datsun 160J SSS, nimekata springi koili mbili imekaa chini imependeza kinoma. Tatizo kona za kupanda huku kwetu inalala kuliko zamani na tuta zote inagonga. Niongeze shokapu ngumu? (Isamilo)

Hapana mkuu, rudisha springi. Najua unaona ajabu gari iko chini alafu inalala zaidi, ngoja nieleze taratibu maana hii inawasumbua wengi na mafundi wachache sana wanaielezea.

Chungulia ule mkono wa chini wa mbele unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye tairi. Gari ikiwa kwenye urefu wake mkono unakaa umelala sawa au upande wa tairi uko chini kidogo. Kuna sehemu ambayo bodi inaizungukia ikiwa inalala kwenye kona, na sehemu hiyo inategemea ule mkono umeelekea wapi. Ukishusha gari sana mkono unageuka, upande wa tairi unakuwa juu, na ile sehemu inashuka chini kwa sentimita nyingi kuliko bodi yenyewe ilivyoshuka. Kwaiyo uzito wa gari unapata mkono mrefu zaidi wa kuvutia, inalala. Juu ya hapo shokapu haina tena nafasi ya kwenda, inagota kwenye mpira wake, na ikigota katikati ya kona tairi ya mbele inaachia ghafla. Na usukani nao unajivuta wenyewe kwenye mashimo kwasababu tairodi nazo zimebadilika pembe.

Weka springi nzima, ikibidi fupi kwa sentimita mbili sio zaidi, shokapu mpya za maana, na stabilaiza nene ya mbele na bushi zake mpya, hiyo stabilaiza ndo inazuia kulala bila kuifanya gari iwe ngumu kwenye rasta. Ukitaka lazima ikae chini, kuna vipande vya chuma vinakaa kati ya strati na mkono wa usukani, vinarudisha ule mkono wa chini kwenye pembe yake. Vichongwe na mtu wa mashine anayejua, bolti ziwe ndefu na za daraja sahihi, pale ndo tairi imeshikiliwa.

Na ukumbuke Mehta alichukua Safari miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, kwa hizohizo Datsun za familia moja na gari yako. Zilikuwa juu, springi ndefu, shokapu kali. Barabara zetu hazijabadilika kiasi cha kuwakosoa wale watu.

Bro nina Celica ya 1974 nataka niweke injini ya 2JZ. Jamaa zangu wote wanasema nifanye. Wewe unasemaje? (Kirumba)

Nasema usifanye, na sio kwasababu 2JZ ni mbaya. Bloku yake ni chuma kitupu, silinda sita, lita 3, unakiweka mbele ya gari iliyotengenezwa kubeba silinda nne ndogo na uzito wake wote haufiki hata tani moja na robo. Pua inakuwa nzito, usukani wa boksi unakuwa mgumu, gari inakataa kuingia kona. Alafu difu haiwezi, propela haiwezi, breki haziwezi, rejeta haitoshi. Utabadilisha gari nzima ubaki na bodi ya Celica inayokwenda vizuri kwenye mstari mnyooka tu, na hapa Mwanza huo mstari mnyooka uko wapi?

Angalia kinachopita mbele ya mlango wako, Altezza. RS200 ina 3S-GE ya silinda nne, ya manyuo (gia za mkono) ilitoka kiwandani na farasi 210 bila turbo, giaboksi gia sita, na imekaa kwa urefu kama injini yako ilivyokaa. Tafuta iliyogongwa nyuma ununue nzima: injini, giaboksi, waya zote, kompyuta, pedali, pampu ya mafuta. Ukinunua injini peke yake utahangaika na waya mwaka mzima. Angalia isiwe AS200, ile ina 1G-FE silinda sita, ni injini ngumu ila sio unachotafuta. Taimingi belti na wota pampu badilisha ikiwa bado iko chini, mkono unaingia kila mahali. Na tengi la mafuta lisafishwe, injini ya kabureta ilikuwa inavumilia uchafu, injekta hazivumilii.

Breki na difu fanya kabla ya injini. Ukimaliza nenda TRA ubadilishe namba ya injini kwenye kadi, na bima uwaambie. Trafiki akisoma kadi na injini zinapingana maelezo yatakuwa marefu, na ikitokea ajali ndo mbaya zaidi.

MGB ya 1969 nimeinunua Dar, kule ilikuwa inavuta vizuri. Kufika Mwanza inatoa moshi mweusi, inanusa petroli, kupanda Bugando inakohoa. Fundi anataka kufanya ovahoo, yaani afungue injini yote. (Pasiansi)

Mzuie leoleo. Hakuna kilichoharibika, umepanda juu tu. Dar iko usawa wa bahari, Mwanza tuko mita 1,140 hivi, hewa ya huku ni pungufu kama asilimia 12. Kabureta haijui hilo, inamwaga petroli ileile kwa hewa kidogo, ndo moshi mweusi huo.

Gari yako ina kabureta mbili za SU, na hizo ni rahisi kuliko watu wanavyoziogopa. Kwanza toa vile vifuniko vyeusi juu, hakikisha oili ipo, hiyo pistoni ya ndani ya kabureta ikiwa kavu injini inakohoa ukikanyaga. Pasha injini moto. Chini ya kila kabureta kuna nati, ukiizungusha jeti ikapanda petroli inapungua. Zungusha upande mmoja wa nati kwa wakati (moja ya sita ya mzunguko), zote mbili sawasawa. Alafu jaribu: nyanyua pistoni ya kabureta moja kidogo sana, kama milimita moja. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli bado nyingi. Injini ikitaka kuzima, umepunguza mno. Ikipanda kidogo na kurudi ilipokuwa, acha hapohapo. Thibitisha na plagi, ziwe rangi ya kahawia sio nyeusi kama masizi.

Zile farasi zilizopotea kwa ajili ya mwinuko hazirudi kwa kutyuni, hilo ulipokee. Ila itakuwa laini na mafuta yatapungua. Na ukirudi nayo pwani rudisha nati, ukiiacha hivi kule itapata moto.

Rimu za inchi 18 kwenye Celica Supra ya 1983, zitaingia? (Musoma)

Zitaingia. Usiziweke. Rimu nzito na tairi nyembamba, kila shimo linakwenda moja kwa moja kwenye bolijointi na rimu inapinda. Inchi 15 au 16 yenye upana wa 7, nyepesi, ukuta wa tairi ubaki. Mwonekano utazoea.

Kaka habari. Nina Mazda RX-7 ya 1983, nikiwa natembea mshale uko sawa ila foleni ya Buzuruga unapanda. Fundi kasema atoe themostati. (Dada wa Capripoint)

Salama dada yangu, na asante kwa kuuliza kabla hajaitoa. Usikubali. Themostati ikitoka maji yanazunguka bila mpangilio, asubuhi injini haipati joto lake na mchana bado itachemsha, kwasababu tatizo lako halipo kwenye maji kuzunguka. Mshale unapanda kwenye foleni tu, ukitembea unashuka, kwaiyo hewa haipiti ukiwa umesimama. Angalia feni na klachi yake: injini ikiwa moto na umeizima, zungusha feni kwa mkono, ikizunguka kama haijashikwa na kitu klachi imekufa. Angalia pia kama lile boksi la plastiki linalozunguka feni lipo, mafundi wengi hulitoa na hawalirudishi. Bila lile boksi, feni inapuliza pembeni.

Alafu mfuniko wa rejeta, mpya, wa presha yake sahihi. Huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, mfuniko ndo unaoyazuia, na uliolegea haushiki kitu. Kuulanti weka, sio maji ya bomba.

Nakusisitizia kwa sababu moja. Injini yako ni ya rota (badala ya pistoni kuna rota inayozunguka), hizo zinavumilia mbio kuliko joto. Ikichemsha mara moja vizuri, mpira wa kuzuia maji kati ya sahani za injini unakufa na injini inashuka chini. Sehemu isiyo ndogo ya joto lake inabebwa na oili, kwaiyo inama uangalie: kama chini ya filta ya oili kuna kidude cha mviringo kilichounganishwa na mipira ya maji, hiyo ni oili kula ndogo (kipozeo cha oili). Tafuta oili kula ya kukaa mbele mbele ya rejeta kama zilizokuwa kwenye RX-7 za miaka ya mwanzo, na mipira yake mipya ya presha. Hiyo ndo hela ya kwanza kutumia kwenye hiyo gari, kabla ya ekzosi na kabla ya rangi. Na mpaka feni itengenezwe, mshale ukipita robo tatu weka pembeni uzime, usisubiri ufike nyumbani.