Kuthamini nyumba inayouzwa pamoja na nafasi ya boti yenye hati yake

Ndugu, nimekuelewa kwamba nyumba unayoinunua Florida inauzwa kwa bei moja pamoja na nafasi ya kuegesha boti ambayo ina hati yake, na hujui thamani halisi ya kila kimoja.

Kabla ya bei, hakikisha unauziwa haki ya aina gani. Ipo nafasi iliyosajiliwa kwenye kaunti ikiwa na namba yake ya kodi ya mali, ambayo mwenyewe anaweza kuiuza bila nyumba. Ipo pia ruhusa tu ya kutumia gati, inayotolewa na chama cha wamiliki wa nyumba za eneo hilo, na huko Florida ardhi iliyo chini ya maji yanayopitika kwa vyombo kwa kawaida ni ya jimbo, ambalo huikodisha kwa muda maalumu. Ruhusa ya namna hiyo usikubali ithaminiwe kama ardhi, hata muuzaji akisisitiza.

Mwombe mthamini mwenye leseni alinganishe mauzo ya nyumba jirani zisizo na nafasi ya boti, kisha mauzo ya nafasi zilizouzwa peke yake, akizingatia urefu wake, kina cha maji wakati wa kupwa, na madaraja yanayozuia boti zenye kimo kirefu kufika baharini.

Benki ikujibu kwa maandishi iwapo mkopo unagusa mali zote mbili. Naye wakili ahakikishe hati zote mbili zimetajwa kwenye mkataba, maana ukihamishiwa hati ya nyumba pekee, nafasi ya boti inaweza kubaki kwa muuzaji.