Jawabu kwa mpwa wangu anayetaka kuja kusomea upasuaji wa mifupa

Nassor mpwa wangu,

Umeniandikia kuwa hapo Mtambwe watu wanasema mjomba wako ni bingwa wa mifupa Uingereza, anawapasua wachezaji mpira, na kwamba wewe umeshamaliza udaktari unataka nikuonyeshe njia. Nimekusoma mara tatu na kila mara roho inaniuma. Mimi si bingwa. Aliyekwambia hivyo anakupoteza.

Mitihani nilifaulu, kweli. IELTS, ule wa Kiingereza, 7.5; PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje ya Uingereza, ya kwanza, ya pili nikaifanya Manchester; kisha MRCS, mtihani wa madaktari wa upasuaji. Wanaohadithia huishia hapo. Hawasemi kuwa kufaulu hakukupi nafasi ya kusomea ubingwa. Spitali niliyopo ni ya kufundishia, lakini mimi nipo kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kazi yangu haihesabiwi kuwa masomo. Wanaosomeshwa wana njia yao: miaka 2 ya upasuaji, halafu 6 ya mifupa. Kuingia kwenye hiyo 6 hushindana nchi nzima. Nimeomba mara tatu, nimekataliwa mara tatu. Vijana niliowafundisha kufunga P.O.P, yaani plasta ngumu ya mfupa uliovunjika, leo ndio wanaoshika drili, mimi nashika mguu wa mgonjwa na kuandika karatasi za kuruhusiwa.

Hilo nnalivumilia. Nisilolivumilia ni la babu yako.

Huku mzee akivunjika nyonga, lengo letu ni apasuliwe ndani ya saa 36. Babu yako alipoanguka mkarafuuni alilala siku 19, mguu umevutwa kwa uzito, mfupa wa paja umepandana, anangoja. Wiki ile ile mimi nimevaa aproni ya madini ya risasi ya kuzuia miale ya eksirei, nimelishika paja la mzee wa rika lake mpaka msumari wa chuma wa kuunga mfupa ukaingia. Kesho yake yule mzee alisimamishwa. Babu yako anakwenda kwa mkongojo mpaka leo. Nilituma pesa. Mama yako akanishukuru kwenye simu mpaka nikakata, maana nilikuwa nalia.

Kwahivyo usije. Wallahi usije. Nenda Dar, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ipo tangu 1996, na ajali za bodaboda zitakupa uzoefu wa mkono ambao mimi huku sijaupata. Au ingia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, usome huku unafanya kazi. Jifunze msumari wa SIGN, ule aliobuni Dk. Lewis Zirkle wa Marekani: unatiwa pajani na kufungwa skrubu bila ya ile mashine ya eksirei ya kuangalia palepale. Umebuniwa kwa spitali kama zetu. Mtu mmoja anayeujua angekuwapo Pemba, babu yako asingelala siku 19.

Lakini nikisema huku hakuna faida nitakuwa mwongo. Kila asubuhi saa mbili tunakaa mbele ya eksirei za usiku mzima, bingwa anamuuliza kila mtu kwa nini alifanya vile, na mdogo anaruhusiwa kumpinga. Hapo nimejifunza kuliko kwenye vitabu vyote. Natamani ukae kwenye kile kiti. Njoo basi, ila uje ukishakuwa bingwa, mwaka mmoja, urudi. Usije kama nilivyokuja mimi, na deni la tiketi na kaka zangu wote wakingoja.

Na mama yako usimwambie habari ya mikataba. Anajua nimeajiriwa, inatosha.

Najua hunisikii, na mimi katika umri wako sikumsikia mtu. Ukiamua kuja, anza Kiingereza sasa hivi, hasa kuandika, ndiko wengi wanakokwama. Ada ya PLAB ya kwanza nitalipa mimi.

Ijumaa sina zamu, nipigie baada ya sala. Na mpime babu yako miguu yote miwili, kuanzia nyonga mpaka kifundo, unitumie sentimita zake, nijue soli ya kiatu cha mguu uliofupika niiongeze kiasi gani.