Chama cha wenye viwanda kinamfaa nini mwenye karakana ndogo?

Maswali ya safari hii yametoka kwa wazalishaji ambao bado hawajaamua kama wajiunge na chama cha sekta yao au wabaki kivyao.

Nina karakana ya wafanyakazi tisa na ada ya chama ni mzigo kwangu. Watanifanyia nini ambacho siwezi kujifanyia mwenyewe?

Yapo mambo ambayo huwezi kuyafanya peke yako hata ukiwa na pesa. Tuseme bidhaa kama yako inaingia kutoka nje kwa bei ya chini kuliko inavyouzwa huko inakotengenezwa, nawe umeanza kukosa wateja. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani (WTO) zinairuhusu serikali kuitoza bidhaa hiyo ushuru maalumu. Lakini kwa kawaida uchunguzi hauanzi mpaka ombi liletwe kwa niaba ya sekta. Wazalishaji wanaoliunga mkono ombi wawe na angalau asilimia 25 ya uzalishaji wote wa bidhaa hiyo nchini, na uzalishaji wao uzidi ule wa wanaolipinga. Karakana ya watu tisa itafikaje huko?

Hata mkifika, kuna kuthibitisha madhara: mauzo yameshuka kwa kiasi gani, mashine ngapi zimesimama, watu wangapi wameachishwa kazi, na kwamba chanzo ni bidhaa hizo wala si jambo jingine. Takwimu hizo zimo katika madaftari ya watu wasioaminiana. Anahitajika mtu wa katikati azipokee, afiche za kila mmoja, atoe jumla tu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa ya chama, kuliko makongamano na picha za viongozi wakipeana mikono na mawaziri. Kwa hiyo kabla hujalipa ada waulize: takwimu za uzalishaji wa sekta yangu mnazo? Wakianza kubabaika, subiri kwanza.

Mimi ni mwanachama wa chemba ya biashara. Si inatosha?

Inategemea unataka nini. Chemba huwakusanya wote: waagizaji, wenye maduka, wasafirishaji, mabenki na viwanda. Itakufaa kwa hati za uasili wa bidhaa, misafara ya kibiashara na usuluhishi wa migogoro. Ila siku ukitaka ushuru upandishwe kwa bidhaa inayoshindana na yako, mwagizaji wa bidhaa hiyo ameketi kiti cha pili, naye analipa ada kama wewe. Katika baadhi ya nchi, kama Ujerumani, uanachama wa chemba ni wa lazima kisheria. Chama cha sekta unaingia kwa hiari. Ukiweza, kuwa kotekote.

Wanachama wenyewe ndio washindani wangu. Nikae nao meza moja nizungumze nini?

Hofu yako ina msingi. Bei, wateja na kiasi utakachozalisha mwezi ujao visiguswe kabisa. Sheria ya ushindani ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, inataja waziwazi kwamba hata uamuzi wa chama unaweza kuwa kosa, na nchi nyingi zina katazo la namna hiyo. Mazungumzo yakielekea kwenye bei, inuka, aga, na uhakikishe kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba uliondoka.

Yanayobaki bado ni mengi. Tazama mji wa Sialkot, Pakistani, wenye karakana nyingi ndogo za vifaa vya upasuaji. Mwaka 1994 Marekani ilizuia vifaa vyao kwa sababu ya ubora. Walioharibu walikuwa baadhi, lakini mlango ulifungiwa mji mzima. Chama chao kikaiendea serikali, wakaletwa wataalamu wa kuwafundisha wenye karakana taratibu za ubora zilizokuwa zikidaiwa, na soko likarudi. Huyo mshindani wako anaweza kukufungia soko kwa uzembe wake, kwa hiyo ubora wake unakuhusu. Wafanyabiashara wa mji huohuo baadaye walichangishana wakajenga uwanja wa ndege wa kimataifa, ulioanza kazi mwaka 2007, ili mizigo yao isihangaike kufika mbali. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kumfunulia mwenzake bei zake.

Chama chetu kimeshikwa na viwanda vikubwa. Sisi wadogo tunalipa na kupiga makofi.

Hili linaniuma, kwa sababu nimeliona mara nyingi. Tena mara nyingine tatizo linapita ukubwa. Mwenye kiwanda cha mabati anataka mabati ya nje yatozwe ushuru; wewe unayetengeneza masanduku unataka mabati ya bei nafuu. Nyote mnaitwa wazalishaji wa ndani, na mnapigania jambo moja mkivuta pande mbili. Chama kikisema "wanachama wetu wanaunga mkono ushuru huu", kinamsemea nani?

Dai mambo mawili. Kwanza, kamati ya sekta yako, yenye haki ya kupeleka maoni yake serikalini hata yakitofautiana na ya wakubwa. Pili, katiba iseme kura zinahesabiwaje. Ada kulingana na mauzo ni haki, kura kulingana na ada si haki. Wakikataa yote mawili, wadogo unganeni muunde chenu.

Kiwango kipya cha bidhaa yangu kilipita, mimi nikajua siku ya ukaguzi. Nifanye nini sasa?

Pole sana. Kanuni za WTO za uandaaji wa viwango zinataka rasimu ipewe angalau siku 60 za maoni, isipokuwa kuna dharura ya usalama, afya au mazingira. Uliza rasimu hiyo ilitangazwa lini, na kama chama kiliiona. Kisha omba muda wa mpito kupitia chama, kwa barua yenye matokeo ya maabara ya bidhaa yako: kipengele gani unakifikia, kipi bado, na utahitaji miezi mingapi.