Vipindi vya Jaribio la Picha za Ubongo
SWALI: Ninaandaa jaribio la ubongo kwa mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Je, nikiwaonesha washiriki picha kila baada ya sekunde 4 kamili, nitapata umbo la mwitikio wa damu wa kila mmoja, yaani jinsi ishara ya damu ubongoni mwake inavyopanda na kushuka baada ya picha?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Ishara ya damu hufika kileleni takriban sekunde 5 baada ya picha kuonekana, kisha huchelewa sana kutulia. Kwa hiyo vipindi kati ya picha vikilingana, mawimbi ya ishara hiyo hupandana kwa namna ileile na hesabu hushindwa kuyatenganisha. Vibadilishe bila mpangilio, sekunde 2 hapa, 9 pale. Mwaka 1999 mtafiti wa picha za ubongo Anders Dale alionesha kwamba vipindi vya namna hiyo, hata vikiwa vifupi kwa wastani, huongeza mno ufanisi wa kukadiria umbo hilo. Umbo la wastani la kundi usilitegemee, kwani kilele cha mtu mmoja huweza kuchelewa kuliko cha mwenzake.