Kwa nini Rod Serling alihamia bunilizi za kisayansi

Uliuliza kwa nini Rod Serling, mwandishi wa Marekani aliyeng'ara na tamthilia ya televisheni "Patterns" (1955), akakimbilia mambo ya sayari na viumbe wa ajabu. Jibu ni wadhamini, basi, yaani kampuni zilizolipia vipindi na kuogopa kuwaudhi watazamaji. Mwaka 1956 aliandika "Noon on Doomsday", akichochewa na mauaji ya Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi. Kabla ya kurushwa, mkasa ukahamishiwa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, marehemu akabaki "mgeni" tu, na hata chupa za Coca-Cola zikaondolewa kwenye seti kwa kuwa eti zilinukia Kusini mwa Marekani, alikouawa Till! Mwaka 1958 akajaribu tena na "A Town Has Turned to Dust". Safari hii ikabidi mambo yarudishwe miaka ya 1870 na marehemu awe Mmexico.

Ndipo ikaja The Twilight Zone (1959 hadi 1964), mfululizo wake wa televisheni wa hadithi za ajabu: vipindi 156, alivyoandika yeye 92. Anza na "The Monsters Are Due on Maple Street". Umeme unakatika mtaani, majirani wanaanza kushukiana, mwishowe mmoja anapigwa risasi. Siasa ya kusaka Wakomunisti ile, ya Marekani ya miaka ya 1950, imevalishwa viumbe wa anga, na hakuna mdhamini aliyeikata. Night Gallery, mfululizo wake wa baadaye, iache kwanza. Huko hakuwa na kauli ya mwisho.