Nikirusha beitikasta mshipi unafumuka wote, nirudishe dukani?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mtu wa Mwanza, sasa hivi niko Fort Worth, Texas, mwaka wa nne huu, nafanya kazi ghala shifti ya usiku na wikendi naenda kuvua besi, yule samaki wa maziwa ya huku. Nilianza na rili (kile cha kuzungushia mshipi kwenye fimbo) ya spiningi, haikunisumbua kabisa. Mwezi uliopita nikanunua seti ya beitikasta, fimbo na rili pamoja, kama dola 100 hivi, maana wenzangu kazini wote wanatumia hizo. Sasa kaka kila nikirusha mshipi unafumuka juu ya rili kama nywele za mtu aliyeamka, nimeshakata na kutupa mishipi mitatu. Chambo natumia kile kile cha kwenye spiningi. Mmoja ananiambia rili ni mbovu nirudishe, mwingine ananiambia ninunue yenye gia ya 8 kwa 1. Nimeweka pembeni dola 200. Nifanyeje? Halafu nikienda likizo Mwanza, naweza kwenda nayo? Ahsante.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usirudishe kitu. Mimi kazi yangu ni kufungua rili za watu na kuzirudisha zikiwa salama, na nikuambie ukweli, katika zile wanazoniletea wakisema "mbovu hii, inafumua mshipi", nyingi sana nikizifungua ziko nzima kabisa, kinachokosekana ni kidole gumba cha mwenyewe. Yako sijaiona lakini ukisema tu chambo ni kile kile cha kwenye spiningi nimeshajua tunaanzia wapi.

Wewe ni mtu wa ziwa, kwa hiyo nieleze hivi. Utotoni si umewahi kuona watoto wanavua na mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, unaelekeza mdomo wa chupa mbele unarusha, mshipi unachomoka wenyewe kwa mbele, chupa haizunguki? Hiyo ndiyo spiningi. Spuli, yaani kile kigurudumu kinachobeba mshipi, imetulia, mshipi unajitoa. Beitikasta ni kitu kingine kabisa, ni kama kisima chenye gogo la kuzungusha kamba. Ukiachia ndoo inashuka, gogo linazunguka kwa kasi, ndoo ikigonga maji ndoo imesimama lakini gogo halina habari, linaendelea tu kuzunguka na kamba inalegea inajaa pale juu ovyo. Basi ndicho kinachokupata. Chambo kinaondoka kwa kasi, kinavuta spuli, halafu hewa inakipunguza mwendo au kinagonga maji, spuli bado inakimbia, inatoa mshipi ambao hakuna wa kuuchukua. Wamarekani wanakiita kiota cha ndege na kweli kinafanana.

Kwa hiyo kazi yote ya kujifunza beitikasta ni kuifanya spuli isikimbie kuliko chambo. Breki ziko tatu na ya tatu ndiyo kubwa.

Ya kwanza ni kile kitufe kidogo cha kuzungusha kilicho upande wa hendo, ule mkono wa kuzungushia. Funga chambo chako, inua fimbo, bonyeza kuachia spuli, chambo kishuke. Kaza kitufe mpaka chambo kishuke polepole na kikigusa chini spuli isimame yenyewe au izunguke kidogo tu. Wataalamu wengine watakuambia siku hizi kitufe hicho ni cha kuondoa mchezo wa spuli kulia na kushoto basi, na wako sahihi kwa mtu aliyezoea, lakini wewe bado, kaza. Na ukibadilisha chambo unapima upya, hapo ndipo wengi wanasahau, asubuhi amepima na jigi (ndoano yenye risasi kichwani) nzito mchana amefunga kitu chepesi halafu anashangaa.

Ya pili iko upande wa pili wa rili, usio na hendo. Kama ni gurudumu dogo lenye namba kwa nje, mara nyingi hiyo ni ya sumaku, weka 7 au 8 kama mwisho ni 10. Kama hakuna namba, fungua kifuniko cha pembeni utakuta vijipini vidogo vya plastiki, hiyo inafanya kazi kwa nguvu ya mzunguko, spuli ikikimbia vile vijipini vinatupwa nje vinasugua. Washa vyote au karibu vyote. Utapoteza umbali, ndiyo, chambo hakitaenda mbali kama cha jamaa zako kazini, sasa kuna ubaya gani, besi wengi wako karibu na nyasi na miti iliyozama, futi 50 au 60 inakutosha kabisa. Utakuwa unapunguza namba moja moja kadiri mkono unavyokubali.

Ya tatu ni kidole gumba. Hii hakuna rili ya bei yoyote inayokuondolea, hata zile za kompyuta ndani ambazo kampuni ya Shimano wanazitengeneza zinakupunguzia kazi tu. Kidole kinakaa juu ya mshipi, unakandamiza, unarudisha fimbo nyuma, unaleta mbele kwa mwendo mmoja laini bila kushtua, unaachia, lakini kuachia si kuondoa, kinabaki kinagusa kama unavyogusa chungu kujua kama kimeshika moto, na KABLA chambo hakijagusa maji unakandamiza tena spuli isimame. Kabla, si baada. Ukisubiri usikie "chubwi" umechelewa. Na hapa wewe una bahati kuliko hao Wamarekani wenzako, mtu aliyevua na mshipi wa mkono kidole chake kinajua kusikia mshipi, wengine hapa wanajifunza kuanzia sifuri.

Sasa kwenye chambo. Cha spiningi mara nyingi ni kati ya aunsi 1/16 na 1/8, yaani gramu 2 mpaka 3 na nusu. Hicho hakina uzito wa kuivuta spuli ya rili yako, kwa hiyo unakilazimisha kwa nguvu ya mkono, unashtua fimbo, spuli inapata kasi ghafla, chambo hakiwezi kuifuata, kiota. Jifunze na aunsi nusu, gramu 14. Nenda uwanja wenye nyasi, funga kichubwi cha plastiki cha mazoezi au risasi isiyo na ndoano, rusha nusu saa kila siku ukiamka kabla ya shifti, wiki mbili tu. Rusha ubavuni kwanza, juu ya kichwa baadaye. Na rusha kwa kufuata upepo. Upepo ukikupiga usoni ongeza breki, maana unakisimamisha chambo angani wakati spuli haijui kitu.

Kuna ujanja mmoja ambao ungekuokolea ile mishipi mitatu. Rusha mbali uwezavyo, ongeza kuvuta mita kama 10 hivi kwa mkono, halafu bandika kipande cha tepu ya umeme juu ya mshipi uliobaki kwenye spuli, kisha zungusha urudishe wote. Sasa hata ukifumua namna gani, kiota hakiwezi kuzama chini ya tepu. Na kikitokea usikimbilie mkasi! Rudisha gia, kandamiza kidole gumba kwa nguvu juu ya spuli, zungusha hendo mara mbili tatu huku umekandamiza, achia, bonyeza kitufe cha kuachia spuli, vuta mshipi taratibu. Ukikwama rudia. Viota vingi vinafunguka hivyo, mimi mwenyewe miaka ile nilikata mshipi mpya siku ya kwanza saa ya kwanza, wote, nikarudi nyumbani nimenuna na kidole kimeungua, kumbe ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Mshipi wa kujifunzia weka nailoni ya paundi 14 au 15, hizo paundi ni nguvu ya mshipi kabla haujakatika. Ni wa bei rahisi na ni laini. Mshipi wa flurokaboni unazama vizuri na hauonekani sana majini lakini ni mkavu, unaruka kwenye spuli, na kiota kimoja kinauvunja shingo mahali usipopaona mpaka samaki aje akuonyeshe. Wa kusuka ni mzuri sana kwenye majani mazito, paundi 50 mpaka 65, ila unahitaji nailoni kidogo chini yake la sivyo utateleza wote juu ya spuli, na ukikaza vibaya unajizamisha ndani yake wenyewe. Usijaze spuli mpaka ukingoni, acha milimita 3 hivi.

Haya, dola 200. Hapa tutagombana kidogo na jamaa zako. Namba ya gia maana yake ni spuli inazunguka mara ngapi ukizungusha hendo mara moja, 8 kwa 1 ni mara nane. Haihusiani na kufumuka kwa mshipi hata kidogo, wakati wa kurusha gia imeachia. Ni nzuri kwa mnyoo wa plastiki na jigi, ambapo chambo unakichezesha kwa fimbo na rili kazi yake ni kukusanya mshipi uliolegea haraka umwahi samaki. Lakini ukifunga krenkibeiti, yaani samaki wa bandia, kubwa ya kuzama ndani, 8 kwa 1 inakuchosha mkono na unaivuta kasi mno, hapo ndipo watu wanatumia 5 na kidogo. Kwa mtu mwenye rili moja chukua ya 6 na kitu au 7 na kitu. Soma na ile namba nyingine kwenye boksi, inchi kwa mzunguko mmoja, maana ndiyo inayokuambia kweli chambo kinasogea kiasi gani. Idadi ya beringi usiisome hata kidogo, hiyo ni ya kuuzia.

Kwa hiyo mimi nisingenunua rili nyingine sasa. Hiyo uliyonayo itakufikisha. Kama pesa inakuwasha mfukoni, nunua fimbo. Fimbo za seti za bei hiyo ndizo zinazokuwa dhaifu zaidi kuliko rili zake, na ni fimbo inayorusha, rili inaachia tu. Chukua futi 7, nguvu ya kati-nzito, ile wanayoandika MH, inayopinda kuanzia theluthi ya juu, wanaandika Fast. Juu ya kishikio kuna maandishi ya uzito wa chambo, tafuta yenye kuanzia aunsi 1/4 au 3/8 mpaka 3/4 au 1. Fimbo hiyo itarusha mnyoo wa plastiki, jigi, spinabeiti (chambo chenye visahani vinavyozunguka), hata chura wa bandia wa juu ya majani ukilazimisha. Dola 100 inapatikana nzuri tu. Zinazobaki nunua chambo na leseni, maana Texas ukiwa na miaka 17 na zaidi kwa kawaida huvui maji ya umma bila leseni.

Kitu kimoja hukuuliza ila nakuona nacho. Spiningi ulikuwa unazungushia mkono gani? Kama ni wa kushoto, angalia hendo ya hiyo beitikasta iko wapi. Kwenye spiningi unahamisha hendo upande wowote, kwenye beitikasta huwezi, unanunua ya kulia au ya kushoto ndiyo imetoka hivyo. Wamarekani wengi wanarusha kwa kulia, wanahamishia fimbo kushoto, wanazungusha kwa kulia, kila mara, siku nzima! Kwangu mimi huo ni mzunguko wa bure, lakini wamezoea na samaki wanawakamata, siwezi kuwacheka. Kama yako ni ya kulia na inakusumbua, hapo tu ndipo ningekubali urudishe, ubadilishiwe ya kushoto.

Mafuta: tone moja kwenye beringi, grisi kidogo kwenye gia, basi. Usipulizie mafuta ya kopo ndani ya kifuniko cha breki. Vile vijipini vikilowa mafuta havisugui tena, halafu unarudi kwangu unasema rili imekuwa kichaa.

Ukishapata mkono nenda Lake Fork, saa mbili hivi kwa gari kutoka kwako. Rekodi ya besi ya Texas imetoka pale, Januari 1992, paundi 18.18. Ila soma sheria za pale kabla ya kuweka samaki kwenye ndoo, wana vipimo vyao vya kurudisha wale wa kati majini, na askari wa wanyamapori hataki kusikia ya Mwanza tunafanyaje.

Na kuhusu Mwanza yenyewe. Besi Ziwa Victoria utamtafuta mpaka uchoke, hawa waliletwa Naivasha kule Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 kutoka huku huku Marekani, ukipita Kenya beba hiyo fimbo utaifurahia. Kwa sato wa ufukweni beba spiningi yako ya zamani. Kwa sangara hapana, yule anapita kilo 100 akikua, na rili yako ndogo hiyo atakuachia hendo mkononi. Ukiwa na kaka yako mwenye boti muulize anatumia nini, ushike huo huo mshipi wa mkono kama zamani.